Kiti Kisicho na Breki

Mtaani kwao kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kusimamisha gari kwa mdomo, naye ni Mwalimu Taratibu. Alifundisha udereva. Gari lake la kazi lilikuwa dogo, jeupe kwa asili na la kijivu kwa vumbi, lenye herufi nyekundu mbele na nyuma za kuwaonya wanaopenda uhai wao. Upande wa abiria lilikuwa na breki ya pili, iliyochomelewa na fundi wa gereji ya jirani, na mguu wa kulia wa Mwalimu uliishi juu ya breki hiyo kutwa nzima. Lakini kabla ya mguu kulikuwa na mdomo. Akisema "Breki!", hata mwanafunzi aliyeachia usukani na kufumba macho alikanyaga. Neno lilitoka kifuani, fupi, halina hasira, likaenda moja kwa moja mguuni bila kupitia kichwani. Watu aliowafundisha wakiwa vijana, sasa wana wajukuu, walikiri kwamba wakiisikia sauti yake hata sokoni, mguu unashtuka.

Jina la Taratibu alipewa na wanafunzi, kwa sababu ndilo neno lake la pili. Mwenda pole hajikwai, aliwaambia, na mtu hakuwahi kumwona akijikwaa. Ila kuna jambo ambalo mwenyewe hakupenda litajwe: Mwalimu Taratibu hakuwahi kutoka mjini. Miaka yote hiyo ya kufundisha watu kwenda, yeye hakwenda popote. Njia yake ilikuwa ile ile, uwanja wa koni nyuma ya ghala la saruji, kushuka hadi sokoni, kupanda kilima cha hospitali ambako wanafunzi walijifunza kuondoka bila kurudi nyuma, kisha nyumbani.

"Wahenga walisema kinyozi hajinyoi," rafiki yake alimwambia siku moja. Rafiki huyo alikuwa na haki ya kuitumia methali hiyo, maana alikuwa kinyozi, na nywele zake kweli zilikuwa zimesahauliwa. "Sasa nimemjua ndugu yake. Mwalimu wa udereva hajiendeshi."

Huyu walimwita Shoka, tangu siku alipofungua saluni na mteja wake wa kwanza akasimama mbele ya kioo akauliza amekatwa na nani, na kwa kutumia nini. Siku hizi mkono ulikuwa mwepesi, lakini jina halikubanduka. Saluni yake na ofisi ya Mwalimu ziligawana ukuta mmoja na choo kimoja, na kutoka hapo urafiki haukuwa na pa kukimbilia. Mwalimu ndiye aliyemfundisha Shoka kuendesha. Ilikuwa kazi. Shoka alifeli mtihani hadi mtahini akaanza kumsalimia kwa jina, na alipofaulu hatimaye, alinunua gari lenye miguu mirefu, kuukuu lakini lenye nguvu, akalipaka rangi ya kijani ya pakiti ya betri. Halikuwa na breki ya pili.

Safari yenyewe ilitokana na binti.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana, naye akawa mwalimu pia, wa hesabu. Alipomaliza chuo alipangiwa kituo kule kaskazini kabisa, mahali ambapo ramani ya ukutani ofisini kwa Mwalimu ilikuwa imebaki nyeupe isipokuwa doa la nzi aliyepondwa. Mama yake alikuwa ameshafariki. Basi binti alipopanda basi na sanduku lake, nyumba ya vyumba viwili ikabaki na mtu mmoja na redio. Mwaka ukapita, wa pili ukapita, wa tatu nao ukawa unaaga. Kila Jumamosi Mwalimu alitandika upya kitanda ambacho hakuna aliyekilalia. Akipika, alipika cha watu wawili, akala cha mmoja, kilichobaki akampelekea Shoka, ambaye hakuona ubaya wowote katika utaratibu huo. Alikuwa mpweke, tuseme ukweli, na upweke ulimchosha kuliko kazi.

Ndipo siku moja mkuu wa shule iliyo nyuma ya soko, mama mmoja mkali aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akapita ofisini. "Mwalimu, nafasi ya hesabu imepatikana kwangu. Namshikia binti yako hadi muhula ufunguliwe. Mwambie."

Mwalimu hakumwambia. Kwa simu alimjua mtoto wake, hodari wa kugeuza mazungumzo. Ukimuuliza kuhusu kurudi, anakuuliza kuhusu presha yako. Mambo ya simu ni ya simu, ana kwa ana ni mengine. Alimwambia tu, "Nakuja kukuona shule ikikaribia kufungwa."

"Wewe, Baba? Unakuja huku?"

"Kwani huko hakuendeki?"

Asubuhi ya safari Shoka alikuta mlangoni mfuko mmoja mdogo wa nguo, turubai, na kamba ndefu za kufungia mizigo, mpya kabisa.

"Hizi kamba za nini?"

"Za kufungia."

"Kufungia nini? Una mashati mawili!"

Mwalimu alifungua mlango wa nyuma, akakifuta kile kiti kirefu kwa kitambaa, akakiacha kitupu. Shoka alitazama kiti, akatazama kamba, akamtazama rafiki yake. Hakuwa mjinga. Alitia gari moto.

Mateso yalianza kabla hawajamaliza mji. Mwalimu hakuwahi kukaa kiti cha abiria kisicho na kitu cha kukanyaga. Mguu wake wa kulia ulitafuta breki sakafuni, ukakosa, ukatafuta tena. Kila Shoka alipolikaribia gari la mbele, buti la Mwalimu lilipiga bati kwa nguvu.

"Utatoboa gari," Shoka akalalamika.

"Weka nafasi kati yako na la mbele."

"La mbele limeegeshwa, Mwalimu. Halina dereva."

Nje ya mji mbuzi mmoja alinyanyua kichwa kandokando ya lami, mbali huko, akifikiria mambo yake. "Breki!" Mwalimu akasema. Shoka akakanyaga hadi mwisho. Tairi zikalia, chupa ya maji ikaruka kutoka nyuma ikaja mbele, na lori lililokuwa nyuma yao likapita pembeni huku dereva wake akitoa kichwa dirishani kuwaeleza walivyozaliwa. Mbuzi akaendelea kula.

Jambo hilo lilijirudia kwa punda, kwa mwendesha baiskeli, na kwa mfuko wa plastiki. Shoka alipoona hivyo, alisimamisha gari kwa hiari yake, akazima injini, akageuka.

"Sikiliza, kaka. Tatizo si lako, ni la mguu wangu. Ukisema lile neno, mimi sina uamuzi. Uliniharibu ukiwa kazini. Sasa humu ndani neno hilo ni marufuku."

"Nikiona hatari je?"

"Sema kitu kingine."

"Niseme nini?"

Shoka alifikiri. "Sema kiazi."

"Kiazi?"

"Kiazi. Nikikisikia nitafikiria kwanza kama nisimame au nisisimame. Kama watu wengine wote duniani."

Mwalimu aliona ni upuuzi mtupu, lakini gari halikuwa lake. Kwa hiyo waliendelea, na jioni ile mtu aliyesimama kandokando ya barabara angeliona gari la kijani likipita, na mzee mmoja wa heshima zake, amevaa koti, akipaza sauti dirishani, "Kiazi! Kiazi hicho, kinavuka!"

Siku ya pili lami iliisha. Haikuaga, ilikuwapo, kisha haikuwapo. Baada yake kibao cha mwisho cha barabarani, kilichopigwa risasi na watu wasio na kazi, kikafuata, kisha hakukuwa na kibao tena. Ardhi ilifunguka pande zote. Kulikuwa na miti ya miiba mifupi, mawe meusi yaliyotapakaa hadi macho yanapochoka, na vilima vya buluu ambavyo havikukaribia hata ukivifuata tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mara nyingine ngamia walisimama juani bila mchungaji. Njia yenyewe iligawanyika mara kumi, kila dereva aliyewahi kupita akiwa ameamua lake, na hakuna hata moja iliyoandikwa inakwenda wapi.

Kwa mtu aliyekula kiapo kwa mistari myeupe ilikuwa dhiki. "Washa indiketa," Mwalimu akasema walipoiacha njia moja na kuingia nyingine.

"Namwonyesha nani?"

"Mungu anaona."

Shoka akawasha indiketa. Wakacheka hadi gari likayumba. Kusema kweli, Mwalimu alikuwa akifurahi. Hewa ilikuwa kavu na safi, anga kubwa kiasi cha kumfanya mtu avue kofia, na Shoka alimsimulia kashfa zote za saluni ambazo mjini ukuta mmoja haukuruhusu kuzisimulia. Mara kadhaa alisahau kupiga sakafu.

Ni walipokaa kivulini kula mayai ya kuchemsha ndipo Shoka alipouliza.

"Mwalimu, kile kiti cha nyuma ni cha binti, siyo?"

"Kuna nafasi imepatikana mjini. Nzuri. Karibu na nyumbani."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia tukifika."

"Na kamba umeshanunua." Shoka alimenya yai polepole. "Kumuuliza mtu wakati ameshaziona kamba, hapo hujamuuliza, kaka."

"Wewe una watoto watano, wote wanakaa mtaani kwako. Wanakuja kula kwako bila hodi. Utajua nini?" Sauti ya Mwalimu ilipanda, ikashuka. "Nikiugua usiku, nitamwita nani? Redio?"

Shoka alimpa Mwalimu yai la mwisho, na kwake hiyo ilikuwa sawa na kuomba radhi.

Walilala katika nyumba ya wageni kwenye kituo cha mwisho chenye maduka. Godoro lilikuwa na bonde katikati, kila mmoja akalala ukingoni mwake akishikilia ubao ili asimwangukie mwenzake. Asubuhi mama mwenye nyumba hiyo, mnene, mcheshi, alikuja kuwaaga akiwa ameshika ufagio. Aliwaeleza kwamba mbele kuna mto mkavu, mpana, wote mchanga mtupu.

"Punguzeni upepo kwenye tairi. Mkishaingia mchangani, msisimame. Hata ukimwona mkweo katikati ya njia, mpungie mkono, pita."

"Umesikia?" Shoka akamwambia Mwalimu.

"Mimi ndiye mwalimu," Mwalimu akajibu. Alipanda kwenye kichuguu ambako mtandao ulishika, akampigia binti kumwambia kwamba wanaondoka na watafika baada ya adhuhuri.

Mto ulikuwa kama walivyoambiwa. Shoka alipunguza upepo, akatema mate viganjani, akalishusha gari mtoni. Gari liliingia mchangani likaelea, mkia ukicheza huku na huku, injini ikiimba. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mwalimu alimwona Shoka akiendesha vizuri: mikono milegevu, macho mbali, mguu umetulia. Alitaka kumsifu. Alifungua mdomo amsifu, na hapo hapo, mbele yao, jiwe moja likaota miguu. Alikuwa kobe. Alikuwa akivuka mto kwa mwendo ambao Mwalimu mwenyewe angeupa alama zote.

"Breki!"

Mguu wa Shoka ulikuwa umeshakanyaga. Gari lilikuwa limesimama dede, na baada ya kusimama likakaa, taratibu, kama mama anayejiandaa kuongea kwa muda mrefu. Mchanga ulifika kwenye milango. Kobe alipita mbele ya bampa bila kugeuza shingo.

Shoka aliweka paji la uso kwenye usukani. "Kwa nini hukusema kiazi?"

"Kiazi hakikuja."

"Nilikuwa naenda vizuri!"

"Ulikuwa unaenda vizuri sana," Mwalimu akasema kwa unyonge. "Ndicho nilichotaka kukuambia."

Walichimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa kifuniko cha ndoo. Waliweka turubai chini ya tairi, tairi zikalimeza. Walifunga zile kamba kwenye mti uliokuwa ukingoni na kuvuta, mti ukang'oka. Jua lilihama. Maji yalibaki nusu chupa, na mzaha ulianza kupungua pamoja nayo. Mwalimu alikaa kwenye kivuli cha gari akitazama mchanga usio na alama ya mtu, akaogopa waziwazi. Hakuogopa kwa ajili yake, bali kwa kumleta Shoka huku, mwenye watoto watano. Na aliogopa pia kwamba ataishia hapa, karibu hivi, kabla hajamwona binti yake.

Jua lilikuwa limeanza kulegea waliposikia injini. Ukingoni mwa mto pikapu kuukuu ilitokea, vumbi nyuma yake. Haikusita. Ilishuka mchangani kwa pembe, ikaongeza mwendo mahali ambapo Mwalimu angepunguza, ikazunguka nyuma yao kwa duara pana bila kusimama, ikapanda kwenye ukanda wa kokoto ngumu na hapo ndipo ikatulia. Dereva akashuka. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, mikono ina grisi, anacheka.

"Baba! Baba mdogo! Shikamooni! Nani kawaambia msimame mchangani?"

"Marahaba," Shoka akajibu haraka. "Muulize baba yako."

Mwalimu alisimama akapangusa magoti. Huyu alikuwa mtoto wake. Mtoto aliyemfundisha mwenyewe katika uwanja wa koni, likizo baada ya likizo, na kila mara akamwambia "bado". Hakuwahi kumruhusu kutoka nje ya geti la ghala. Aliona gari ni kubwa kwake.

"Nani kakufundisha?" aliuliza, hata kabla ya kumkumbatia.

"Kiu, Baba. Dereva wa shule alihama na hakuletwa mwingine. Maji yanachotwa mbali na watoto wanakunywa kila siku. Ningefanyaje?"

Alifunga zile kamba mpya kwenye ndoana ya pikapu, akazikunja mara mbili, akamwambia Shoka anyooshe usukani na asiguse chochote hadi apungiwe mkono. Gari la kijani likatoka mchangani likikohoa. Kisha binti akamfungulia baba yake mlango wa pikapu, Shoka akafuata nyuma.

Mwalimu alikusudia kumwambia humo humo, habari za nafasi, za mama mkuu wa shule, za kitanda kilichotandikwa. Alijipanga. Pikapu ilikuwa ikiruka juu ya mawe, ikikwepa mashimo ambayo yeye hakuyaona mpaka yamepita, na binti akisimulia juu ya mvulana mmoja darasani kwake aliyegundua mwenyewe, kwa kuhesabu mbuzi, kitu ambacho yeye binti alifundishwa chuoni. Alikuwa akicheka peke yake katikati ya habari. Mwalimu akasikiliza. Kitu alichokihisi baadaye ni mkono begani.

"Baba, tumefika. Ulilala njia nzima."

"Mimi? Nilale ndani ya gari?"

"Ulikuwa unakoroma."

Alikataa katakata, lakini Shoka, aliyeshuka nyuma, alimtazama shavu lenye alama ya mkanda, akaenda kucheka upande wa pili wa gari lake.

Shule ilikuwa na vyumba vichache vya matofali ya saruji, bendera, tangi la maji, na nyumba za walimu zilizopangwa mstari. Watoto waliikimbilia pikapu wakibeba vibuyu na madumu. "Mwalimu! Mwalimu!" Na yeye, kwa mazoea ya maisha, akaitika, "Naam." Watoto wakasimama, wakamtazama, wakaangua kicheko. Hawakumwita yeye. Mara mbili nyingine jioni ile, mama mmoja kwenye tangi na mlinzi wa shule, waliita "Mwalimu", na mara zote mbili akageuka bure. Mlinzi alikuja kumpa mkono. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, na kuongeza kwamba kabla ya huyu binti, hesabu hapa ilikuwa ugonjwa.

Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja na kijisebule. Dirishani alikuwa amepanda nyanya katika makopo, akizimwagilia maji aliyooshea vyombo. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mama yake, na chini yake picha ya Mwalimu mwenyewe akiwa amekunja uso kando ya gari lenye herufi nyekundu. Walikula, wakaongea, Shoka akawanyoa wavulana wawili wa jirani kwa kuwa hakuweza kukaa bure, na Mwalimu hakusema alichokuja kusema. Kesho, alijiambia. Kesho asubuhi.

Asubuhi alipotoka kunawa uso alilikuta sanduku mlangoni. Ni lile lile aliloondoka nalo, limefungwa kwa mkanda, na juu yake vitabu vimepangwa. Kwenye kijisebule ukuta ulikuwa mtupu, na binti alikuwa akitoa makopo ya nyanya nje, ampe jirani.

"Nini hiki, mama?" Mwalimu alimwita hivyo tangu akiwa mchanga.

"Usiseme kitu, Baba. Wewe hukuwahi kuvuka hata daraja la mjini. Uliposema unakuja nilijua. Mtu kama wewe hawezi kusafiri hivi ila kwa jambo moja." Alijifuta mikono kwenye kanga. "Nimeshamwambia mkuu wa shule kwamba sitarudi muhula ujao. Siwezi kukuacha peke yako. Nilikuwa nikijidanganya."

Hiki ndicho Mwalimu alichokijia. Kilikuwa pale, kimefungwa mkanda, hakikuhitaji hata maneno. Alihisi furaha ya kweli, ya mtu anayeona chakula cha wawili kikiliwa na wawili. Kisha akamtazama binti usoni. Jana, mchangani, alikuwa mtu mzima. Leo alikuwa amesimama wima kama siku zile za uwanja wa koni, mabega yamekaza, anangoja kuambiwa afanye nini. Alikuwa akitii neno ambalo baba yake hata hajalisema.

Nje Shoka alikuwa ameshaliona sanduku. Alikuwa amefungua mlango wa nyuma wa gari la kijani na kushika zile kamba, uso wake hauna mzaha.

Mwalimu alishusha vitabu chini. Alilishika sanduku kwa mikono miwili, zito kuliko alivyodhani, akalinyanyua, na akaingia nalo ndani.

"Baba, gari liko huku."

"Najua gari liko wapi. Mimi ni mwalimu wa magari."

Alilipeleka hadi chumbani, akaliweka kitandani, akahangaika na mkanda mpaka ukafunguka. Akatoa gauni la juu, akatafuta msumari ukutani, akalitundika. Lilikaa upande. Akatoa lingine. Nyuma yake alimsikia binti akisimama mlangoni, akivuta pumzi kwa shida, na huko nje alisikia mlango wa gari la Shoka ukifungwa polepole.

"Nilikuja kukuona," Mwalimu alisema, akiuambia ukuta. "Si ndivyo nilivyokuambia kwenye simu? Nimekuona. Kamwambie mkuu wako ulikuwa na homa, ulikuwa unaweweseka."

"Na wewe? Jioni utakuwa na nani?"

Alichukua muda kulinyoosha gauni kwenye msumari, ukosi, mkono mmoja, mkono wa pili.

"Nitazoea, mama."

Binti alijua kwamba hatazoea. Alikuja akasimama karibu naye, begani kwake, machozi yakimtiririka, akaingiza mkono sandukuni, akatoa gauni jingine na kumpa atundike.